Orodha, kamusi, kadi au gazeti: maneno magumu ya Kiingereza uyafuate wapi?

Mpwa wangu anajiandaa kwa IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza. Mwezi uliopita alinitumia insha ya mazoezi, na sentensi ya tatu ilisema hivi: "The government should ameliorate the ubiquitous potholes." Nikampigia simu.

"Ameliorate maana yake nini?"

"Kuboresha, Mjomba. Ipo kwenye orodha yangu, namba 14."

"Kwa hiyo unaitaka serikali iboreshe mashimo. Yawe mashimo mazuri kuliko haya tuliyonayo."

Alicheka, ila nilisikia amenywea. Alikuwa amemeza maneno 300 kutoka kwenye PDF iliyozunguka chuoni kwao, kila neno na maana moja ya Kiswahili mbele yake, kama daftari la mahudhurio. Maana alikuwa nayo. Neno lenyewe hakuwa nalo.

Mimi kazi yangu ni kutafsiri, na kabla ya kuizoea nilipita njia zote ambazo vijana wanazijaribu leo: orodha, kamusi za aina mbili, kadi za kujikumbusha (swali mbele, jibu nyuma), mizizi ya Kilatini na Kigiriki, na kusoma tu. Nimeziweka hapa bega kwa bega. Ili mizani iwe moja, nitalipitisha neno moja kwenye kila njia tuone linatokaje: "reluctant". Nimelichagua kwa sababu si neno la kuringia. Utalikuta gazetini, kwenye barua za ofisi na kwenye mwenendo wa kesi, na wengi wanadhani wanalijua.

Orodha na "neno la siku"

Hii niimalize haraka. Kila asubuhi kwenye kundi la WhatsApp inaingia picha ya jua likichomoza, chini yake "perspicacious", maana yake, na mikono inayopiga makofi. Unasoma, unaweka dole gumba, unakwenda kuoga. Jioni ukiulizwa unakumbuka jua.

Kwa "reluctant", orodha itakupa "kusita, kutotaka", basi. Haikwambii ni nani anayekuwa hivyo, kuhusu nini, wala neno gani hufuata.

Lakini kuna orodha na orodha. Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno ya msingi yapatayo 2,000, yale ambayo Kiingereza hakiendi bila hayo. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa Chuo Kikuu cha Victoria, Wellington, New Zealand, alichambua maandishi ya kitaaluma, akayaweka kando yale ya West, akabaki na familia 570 za maneno yanayojirudia katika fani nyingi: "analyse", "constitute", "derive", "subsequent". Familia maana yake ni neno na watoto wake, kama "derive" na "derivation". Hizo 570 peke yake hubeba takriban asilimia 10 ya maneno yote katika maandishi ya chuo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akakutana na Kiingereza cha masomo kidato cha kwanza, atafaidika na hizo 570 kuliko na "perspicacious" mia. Tofauti iko kwenye kilichochagua neno: orodha ya Coxhead ilichaguliwa na hesabu, ile ya kundi la WhatsApp ilichaguliwa na ugumu wa kulitamka.

Mtihani mmoja tu naukubalia orodha ndefu ya maneno adimu, nao ni GRE, kwa wanaoomba shahada za uzamili Marekani. Ule kweli unapima maneno ya kabatini. Hata huo, tangu 2011 uliacha maswali ya kinyume cha neno na ya kulinganisha jozi za maneno. Sasa neno lazima uliweke ndani ya sentensi.

Kamusi: ya lugha mbili au ya Kiingereza tupu?

Hapa ndipo watu wengi huchagua bila kujua kwamba wamechagua.

Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili tunayo tangu zamani. Ile ya Frederick Johnson ilitoka 1939, na ile iliyokaa kwenye meza zetu nyingi, ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka mara ya kwanza 1996. Kwa majina ya vitu haina mpinzani. "Hinge" ni bawaba, "spleen" ni bandama, "anvil" ni fuawe. Ukisoma maelezo ya fuawe kwa Kiingereza, yenye chuma kizito na mhunzi na nyundo, umepoteza dakika mbili kwa kitu ambacho Kiswahili kinakimaliza kwa neno moja.

Tatizo linaanza kwenye vitenzi na sifa za moyoni. Chukua kuomba. "Request", "beg", "plead", "implore", "solicit", "petition", "apply": yote kwetu ni kuomba, na kamusi ya lugha mbili haidanganyi ikikwambia hivyo. Ila ukimwandikia mwajiri kwamba una-"implore" nafasi ya uhasibu, umempigia magoti. Ukiandika una-"solicit", anaweza kukufikiria vingine. Hata neno dogo kama kuazima kwetu linakwenda pande zote mbili, anayetoa na anayepokea, ndiyo maana tunasikia kila siku "borrow me your pen".

"Reluctant" katika kamusi hii hutoka vizuri kidogo kuliko kwenye orodha, lakini hukaa karibu mno na "hesitant". Yote mawili yanaangukia kwenye kusita. Ukweli ni kwamba "hesitant" mara nyingi ni mtu ambaye hajakata shauri. "Reluctant", mkazo uko kwenye kutotaka: pengine atafanya, lakini roho haipo.

Kamusi ya Kiingereza tupu kwa wanafunzi ni mnyama mwingine. Iliyo maarufu zaidi ilianza na A. S. Hornby, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Japani. Kazi yake na wenzake ilichapishwa Tokyo 1942, kisha Oxford wakaitoa upya 1948. Hornby aliwaona wanafunzi wake wakijua maana na bado wakikosea kulitumia neno, kwa hiyo kamusi yake ikaonyesha neno linakaaje kwenye sentensi. Longman walipotoa ya kwao 1978 waliongeza nidhamu nyingine: fasili zote ziandikwe kwa maneno ya msingi yapatayo 2,000. Huo ndio ufunguo. Kamusi hizi hazikuandikwa kwa ajili ya Waingereza. Ziliandikwa kwa ajili yetu.

Fungua "reluctant" humo. Utapata fasili ya mtu anayesita kwa kuwa hataki au hana hakika kama jambo ni sahihi, halafu mfano unaoonyesha kwamba linafuatwa na "to" na kitenzi. Hiyo "to" ndogo ndiyo inayokosekana kwenye insha za "reluctant of doing".

Na maana za pili na za tatu utazikuta huko. Jirani yangu mwenye duka la vifaa vya umeme alipokea barua kutoka kampuni moja ya mikopo. Ilitaja "your outstanding balance" na tarakimu. Mwanawe wa kidato cha pili akamtafsiria: salio lako bora kabisa. Mtoto hakubahatisha, kwenye ripoti yake ya shule "outstanding" ilikuwa sifa. Mzee akaishika barua ile wiki mbili akijua kwamba mambo yake yako sawa, mpaka alipopigiwa simu ya kudaiwa. Kumbe lilikuwa deni ambalo halijalipwa.

Maneno ya namna hii ndiyo ninayoyaita magumu. "Oversight" ni usimamizi, na pia ni kosa la kupitiwa. "Sanction" ni kuidhinisha, na pia ni kuadhibu au kuwekea vikwazo. "To table a motion" kwa Waingereza ni kuiwasilisha hoja ijadiliwe. Kwa Wamarekani ni kuiweka kando. Hakuna hata moja linalotisha kwa urefu, na hakuna PDF ya maneno makubwa inayoyaweka.

Je, kila mtu akimbilie kamusi ya Kiingereza tupu? Hapana. Kama maneno ya msingi bado hayajakaa, kila fasili inakuwa mlango unaofunguka kwenye mlango mwingine. Jipime hivi: soma fasili 10 kwenye ukurasa wowote. Ukikwama kwenye tatu au zaidi, baki na ya lugha mbili kwa miezi kadhaa na umalize kwanza maneno ya West. Ukikwama kwenye moja au usikwame kabisa, hama leo. Huhitaji kununua kitabu kizito: Oxford, Cambridge na Longman wote wana kamusi zao za wanafunzi kwenye intaneti bila malipo, na ya Cambridge inakuonyesha kando ya maneno mengi ngazi yake, kuanzia A1 ya anayeanza hadi C2 ya aliyebobea.

Kwenye simu kuna faida nyingine, kitufe cha sauti. Nilisoma "epitome" miaka mingi kabla ya kulisikia, na siku moja nikalitamka "epitomu" mbele ya watu 40. Mwenyekiti wa kikao, kwa adabu, akalirudia kwenye sentensi yake: "ipitomi". Sijawahi kulisahau tena, ingawa siipendekezi njia ile.

Kadi: za karatasi au za simu

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alitoa matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana na kupima zinapotea kwa kasi gani. Zinapotea haraka sana mwanzoni, halafu kasi inapungua. Ukilirudia jambo pale linapokaribia kuponyoka, linakaa muda mrefu zaidi. Kadi zote zimejengwa juu ya hilo.

Ya karatasi ni rahisi. Sebastian Leitner aliieleza 1972 kwa kutumia kisanduku chenye vyumba. Kadi mpya hukaa chumba cha kwanza na hurudiwa kila siku. Ukiipata, inasogea chumba cha pili kinachofunguliwa mara chache zaidi, na kuendelea. Ukiikosa, inarudi mwanzo hata kama ilishafika mbali. Nilitumia boksi la viatu na vipande vya jalada la daftari. Halihitaji bando wala umeme, na mkono unaoandika unakumbuka. Kadi zikizidi mia tatu hivi, linageuka kazi ya ukarani.

Ya simu, kwa wengi ni programu ya Anki, inakuhesabia siku yenyewe. Kwenye Android na kompyuta ni bure. Kwenye iPhone utalipa karibu dola 25. Ina mtego mmoja. Usipogusa mipangilio, inakupa kadi mpya 20 kwa siku, na kila kadi mpya ya leo ni marudio ya kesho na keshokutwa. Ukisafiri msibani siku sita, unarudi kukuta mamia yanakungoja, na hapo ndipo wengi huifuta. Shusha hadi nane.

Lakini swali kubwa kuliko karatasi au simu ni nini kimeandikwa kwenye kadi. Kadi mbaya: mbele "reluctant", nyuma "kusita". Hiyo ni PDF ya mpwa wangu iliyokatwa vipande. Kadi yangu ilikuwa hivi, mbele: "She was ______ to sign because nobody had explained the last page." Nyuma: "reluctant", na chini yake sentensi yangu ya Kiswahili. Unalazimika kulitafuta neno kutokana na hali, jinsi utakavyolitafuta siku unapoandika.

Kadi ni friji. Inatunza kilichopikwa, haipiki. Anayepakua kadi 5,000 zilizotengenezwa na mtu mwingine amenunua friji iliyojaa vyungu asivyovijua.

Mizizi

Sisi tunaosema Kiswahili hatuhitaji kufundishwa kwamba neno lina viungo. Soma, somo, msomi, someka, somesha: tunafanya hivyo bila kufikiri. Kwa hiyo mizizi ya Kilatini na Kigiriki hutuingia kwa urahisi.

"Reluctant" linatokana na Kilatini "luctari", kupigana mieleka, pamoja na "re-" ya kurudisha upande wa pili. Mtu aliye "reluctant" anapigana mieleka na jambo analotakiwa kulifanya. Ukishaiona picha hiyo haitoki.

Kwa nesi, mfamasia au mwanafunzi wa udaktari, mizizi ni ya lazima, hakuna mjadala. "Nephr-" ni figo, "hepat-" ni ini, "-itis" ni uvimbe unaowasha moto mwilini, "-ectomy" ni kukata na kutoa. Mizizi 100 hivi inafungua maelfu ya maneno. Kwa wengine ni kitoweo tu, na mara nyingine kina mfupa: "inflammable" lina "in-", ila maana yake ni kitu kinachoshika moto upesi, "invaluable" ni chenye thamani kubwa mno. Aliyeona "in-" akasoma "si" kwenye pipa la mafuta atajuta.

Kusoma

Njia ya polepole kuliko zote, na ndiyo ninayoiamini. Sababu ya upole wake inahesabika. Paul Nation, naye wa Wellington, alikadiria 2006 kwamba kusoma gazeti au riwaya bila msaada unahitaji familia 8,000 hadi 9,000, ili ujue maneno 98 katika kila 100. Fikiria habari ya maneno 500: hata kwa kiwango hicho bado kuna 10 usiyoyajua. Ukiwa chini yake, kwa asilimia 90 tu, ni 50, na huo si usomaji tena, ni kuchambua mchele wenye mawe.

Kwa hiyo chagua maandishi ya mambo unayoyajua tayari. Mhasibu asome kurasa za biashara za The Citizen au Business Daily. Mpenzi wa mpira asome uchambuzi wa mechi aliyoitazama jana. Ukijua nani alifunga, sentensi inakupa maana yake karibu bure.

Mimi nilikuwa na daftari lililopigwa mistari mitatu. Upande wa kwanza naandika sentensi nzima kama ilivyo. Wa pili nabashiri maana kabla ya kugusa kamusi. Wa tatu naandika nilichokipata. Maneno matano kwa siku, hayazidi, na neno halipewi nafasi mpaka nimekutana nalo mara mbili. Ukilikuta mara moja linaweza kuwa mpita njia.

"Reluctant" liliingia kwenye daftari hilo kwa habari ya mahakamani, mahali palipoandikwa kwamba shahidi "reluctantly admitted" kuwa alikuwepo. Nikabashiri: kwa kusitasita. Kamusi ikanikubalia nusu. Kisha nikajiuliza, bibi yangu angelisimulia vipi tukio lile? Angesema shahidi alikubali shingo upande. Hapo neno likakaa. Kukubali huku shingo inatazama kwingine, mwili uko hapa na moyo hauko. Shingo upande ndiyo sentensi niliyoiandika nyuma ya ile kadi, na siyo orodha wala kamusi iliyonipa.

Siku hizi unaweza pia kuiuliza akili mnemba ikupe mifano kumi ya neno. Kwa mifano inafaa, ila maana ihakikishe kwenye kamusi.

Basi uchukue ipi?

Anayefanya IELTS ajue kwamba msamiati ni robo ya alama za kuandika na robo ya alama za kuzungumza, na wasahihishaji wanatazama kama neno limekaa mahali pake na limeandamana na wenzake. Huyo achukue zile 570 za Coxhead, kamusi ya Kiingereza tupu, Anki ya kadi nane, na habari moja kila siku. Miezi mitatu si mingi.

Anayefanya GRE aongeze orodha ndefu, akishaumaliza mtihani aisahau kwa amani. Wa udaktari aanze na mizizi, aitie kwenye kadi. Mwenye duka kama jirani yangu hahitaji lolote la hayo. Atoe barua zote za Kiingereza alizopokea mwaka huu, apige mstari maneno yanayojirudia, na hayatazidi 60: "outstanding", "overdue", "waive", "arrears", "pursuant". Ayatafute yote kwenye kamusi ya Kiingereza tupu akisaidiwa na mwanawe, wasome hadi maana ya mwisho. Kazi ya Jumapili mbili.

Na kama una dakika 15 tu kwa siku na njia moja tu, soma. Kadi bila kusoma hukauka. Kusoma bila kadi kunakwenda, taratibu.

Mpwa wangu nilimwambia aifute ile PDF. Alinibishia sana, alishaikariri hadi herufi M. Jana ameleta insha nyingine, ya barabara ileile, na humo kuna: "The council has been reluctant to fill the potholes."

"Reluctant ndiyo nini?" nikamwuliza.

Akanyamaza kidogo. "Ni vile nilivyoifuta ile PDF, Mjomba."